"Raia kwanza": neno la Étienne Tshisekedi na deni lililobaki

Kila tarehe 1 ya mwezi wa pili, jina la Étienne Tshisekedi wa Mulumba linarudi kwenye redio zetu. Alikufa siku hiyo mwaka 2017, huko Brussels, akiwa na miaka 84. Na pamoja na jina lake linarudi neno moja alilolirudia mara nyingi hata likawa kama jina lake la pili: "Le peuple d'abord", yaani raia kwanza. Leo neno hilo ni la Serikali. Mwanawe, Rais Félix Tshisekedi, amelichukua kuwa kauli ya utawala wake. Neno lililozaliwa katika upinzani limehamia ikulu.

Tunataka kulitazama kwa utulivu. Katika makanisa yetu mna wanachama wa UDPS, mna wanaoipinga, na mna wengi waliochoka na vyama vyote. Jumapili wanakaa kwenye benchi moja. Hatuandiki ili kuwagawanya. Lakini neno kubwa likirudiwa kila siku bila kuulizwa, linageuka kuwa kelele. Basi tuulize: liliposemwa mara ya kwanza lilimgharimu nani? Na leo linamdai nani?

Mtu aliyetoka ndani ya nyumba

Vijana wengi wanamjua Tshisekedi kama mpinzani tu, kana kwamba alizaliwa akipinga. Haikuwa hivyo. Alikuwa Mkongomani wa kwanza kupata udaktari wa sheria, Chuo Kikuu cha Lovanium, mwaka 1961. Mobutu alipochukua madaraka mwaka 1965, alimweka kuwa waziri wa mambo ya ndani. Alikuwa katika kiti hicho mwezi wa sita 1966, wakati Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, na wenzake watatu waliponyongwa hadharani mbele ya umati katika mji mkuu, wale ambao historia yetu inawaita walionyongwa wa Pentekoste. Mwaka 1967 alikuwa mmoja wa walioandika Manifesti ya N'sele, maandiko yaliyozaa MPR, chama ambacho baadaye kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa.

Tunayakumbusha haya kwa sababu mbili. Kwanza, ni kweli, na wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha. Pili, sisi kanisani tuna neno kwa mtu anayegeuka: toba. Hatuwezi kusema ndani ya moyo wake kulikuwa na nini. Lakini tunaweza kuona gharama aliyolipa, na toba isiyogharimu kitu tunaijua, tunaiona mimbarani kwetu wenyewe.

Gharama ilianza tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1980. Wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52. Hawakuwa waasi wa porini. Walikuwa wabunge wa chama kimoja, wenye mishahara na magari, na walimwambia mkuu wa nchi kwa maandishi kwamba utawala wake umeiharibu nchi. Walikamatwa, wakanyang'anywa ubunge, wakapelekwa uhamishoni vijijini. Tarehe 15 mwezi wa pili 1982 wakaanzisha UDPS, wakati sheria haikuruhusu chama kingine chochote zaidi ya MPR. Walihukumiwa miaka 15 ya kifungo, wakasamehewa mwaka uliofuata, wakakamatwa tena. Kwa Tshisekedi hayo yalirudi mara nyingi hata watu wakaacha kuhesabu.

Hapo ndipo neno "raia kwanza" lilipata uzito wake. Lilisemwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya kusema "mimi kwanza" na kuishi vizuri.

Kalamu mwaka 1991

Kama mtu angetuomba tuchague tendo moja linalomweleza, tusingechagua hotuba. Tungechagua mstari wa kalamu. Mwezi wa kumi 1991, baada ya wizi na fujo za askari mjini Kinshasa, Mobutu alikubali kumfanya waziri mkuu. Siku ya kiapo Tshisekedi alichukua karatasi, akafuta kwa kalamu maneno yaliyomtaja Rais kuwa mdhamini wa taifa, kisha akatia sahihi. Kwake, mdhamini alikuwa raia. Mobutu alimfukuza siku chache baadaye.

Watu wengine waliona ni ukaidi. Wangesema: angenyamaza, angeingia, angefanya kazi polepole. Labda. Katika maisha ya kanisa tumeona wazuri wengi walioingia wakisema watabadilisha mambo polepole, na mambo ndiyo yakawabadilisha wao. Lakini tumeona pia wakaidi waliobaki nje miaka thelathini na mikono safi, huku raia wakizidi kuteseka. Tshisekedi alibeba sehemu ya yote mawili, na tutaona.

Mkutano Mkuu wa Taifa wenye mamlaka kamili, tunaouita CNS, ulikuwa umeanza mwezi wa nane mwaka huo. Wajumbe walikuwa zaidi ya 2.800, na askofu mkuu Mkatoliki, Laurent Monsengwo, ndiye aliyeuongoza. Mwezi wa kwanza 1992 waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond aliusimamisha. Tarehe 16 mwezi wa pili Wakristo waliandamana Kinshasa na miji mingine, mikononi wakiwa na Biblia, rozari na matawi, wakidai ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa nne, na tarehe 15 mwezi wa nane 1992 wajumbe walimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo tovuti yetu haijalisema mara nyingi. Maandamano yale yalitayarishwa hasa na waaminifu Wakatoliki. Waprotestanti walikuwemo, na baadhi yao walimwaga damu. Lakini wakuu wa Kanisa la Kristo wakati wa Mobutu walikuwa karibu mno na utawala. Sheria ya mwaka 1971 ilitambua makanisa machache tu, na sisi tulikuwa ndani ya mlango. Tulipewa nafasi, tukalipa kwa kunyamaza. Kwa hiyo tukimpima Tshisekedi, tunampima tukijua kwamba siku alipoandika zile kurasa 52, wengi wetu tulikuwa tunaombea afya ya Mwongozi.

Neno linapokuwa zito kuliko msemaji

Mobutu hakukubali uchaguzi wa CNS. Mwisho wa mwaka 1992 nchi ilikuwa na wakubwa wawili: mmoja mwenye jeshi na benki, mwingine mwenye imani ya watu. Ndipo ilitolewa noti ya zaire milioni tano. Tshisekedi alisema noti hiyo haina thamani, kwamba itaongeza tu mwako wa bei. Kwa upande wa uchumi alikuwa na haki. Wachuuzi walimsikiliza, wakaikataa sokoni. Lakini askari walikuwa wamelipwa kwa noti hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi wa kwanza 1993 waliingia barabarani na silaha, wakapora na kuua. Balozi wa Ufaransa mwenyewe alipigwa risasi akafa.

Hatusemi kosa lilikuwa la aliyekataa noti; lilikuwa la aliyeichapa. Ila kuna fundisho hapa la namna neno linavyofanya kazi. Mtu asiye na jeshi wala hazina alisema sentensi moja na soko lote likatii. Huko Kasai watu waliendelea kukataa hata zaire mpya iliyokuja baadaye mwaka ule, wakabaki na noti za zamani. Hiyo ni nguvu kubwa, na mwenye nguvu hiyo anabeba pia hesabu ya wale watakaokuwa njiani risasi zikianza.

Na kuna hesabu nyingine ambayo sisi wa upande wa Kiswahili hatuwezi kuiruka. Siku zile Katanga iliitwa Shaba. Gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na jambo hili vijana hawaliamini tukiwaambia: Kyungu alikuwa mmoja wa wale wabunge 13. Walitia sahihi barua moja. Kisha Kyungu akaenda na Nguz, na Nguz alipopoteza kiti kwa Tshisekedi mwaka 1992, hasira ya wanasiasa ilishuka juu ya vichwa vya Wakasai wa kawaida: fundi wa Gécamines, mwalimu, muuguzi, mama wa sokoni. Kule Likasi na Kolwezi walifukuzwa manyumbani, wakakaa miezi kwenye gare na mashuleni wakingojea treni ya kuwarudisha kwenye jimbo ambalo watoto wao hawakuwa wamelizaliwa. Wengi walikufa pale kwa kuhara na kwa njaa, wengine ndani ya mabehewa. Paruasi nyingi zilifungua milango. Zingine, tuseme kweli, zilifunga.

Tshisekedi hakuwatuma wale waliofukuza. Lakini "raia kwanza" iliposikika Likasi, wengi waliisikia kama "watu wake kwanza", na hakuna aliyefanikiwa kuwashawishi vinginevyo. Mwaka 2016 Kyungu na Tshisekedi walikuwa tena upande mmoja, katika Rassemblement iliyozaliwa Genval. Wanasiasa walipatana. Waliokufa kwenye gare hawakuulizwa.

Neno lake la pili maarufu lilikuwa lile la kuwaambia raia wajichukulie mzigo wao wenyewe, wasingoje mkombozi: "Prenez-vous en charge". Katika miaka ya Mobutu lilikuwa na maana ya amani. Watu walibaki nyumbani, maduka yakafungwa, mji ukawa kimya kama umekufa, na ukimya huo ulisema kuliko mawe. Njia hiyo isiyo ya kumwaga damu ni urithi wake mzuri kuliko yote, hasa katika nchi ambayo karibu kila mwenye madai anaanza kwa kutafuta bunduki. Miaka yake yote ya upinzani, UDPS haikuongoza vita porini. Mtu akitaka kujua thamani ya hilo, ahesabu makundi yenye silaha yaliyopo leo Kivu na Ituri.

Lakini neno lile lile lilichoka mkononi mwake. Mwaka 2005 na 2006 aliwaambia watu wake wasijiandikishe. Katiba ikapita bila wao, na uchaguzi wa kwanza huru tangu miaka arobaini ukapita bila wao pia. Mwezi wa kumi na moja 2011, akiwa Afrika ya Kusini, alijitangaza kuwa rais kabla ya kura kupigwa, na akawahimiza wafuasi wake wavunje magereza kuwatoa wenzao. Tuliposikia maneno hayo tulihuzunika. Mwanasheria aliyefuta maneno ya kiapo kwa heshima ya sheria hakupaswa kusema hivyo.

Halafu uchaguzi wenyewe ulikuja. Tume ilimpa Joseph Kabila karibu asilimia 49 na Tshisekedi asilimia 32. Watazamaji wa Kituo cha Carter walisema matokeo hayaaminiki. Na aliyeongoza tume hiyo alikuwa mchungaji, Mmetodisti, Daniel Ngoy Mulunda, mtu wa nyumba yetu. Kwa hiyo, tunapouliza kama Tshisekedi alikuwa mwaminifu kwa neno lake, tusisahau kwamba waliomtazama Mprotestanti yule walikuwa wanauliza swali hilo hilo juu yetu.

Linalodaiwa sasa

Wafuasi wake walimwita Musa, na wengi waliposikia amekufa walisema hakuingia katika nchi ya ahadi. Mwili wake ulikaa Ubelgiji zaidi ya miaka miwili kwa sababu wakubwa hawakukubaliana azikwe wapi. Ulirudi mwisho wa mwezi wa tano 2019, mwanawe akiwa tayari Rais, ukazikwa N'sele, mahali pale pale penye jina la Manifesti ya mwaka 1967.

Kuna tunda moja ambalo tunalitaja kwa shukrani. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, kama Katiba inavyoagiza katika kifungu cha 43. Sisi tunaoendesha shule za Kiprotestanti chini ya mkataba na Serikali tuliona watoto wakija, wasichana hasa, ambao mzazi angewaacha nyumbani kwa kukosa franka. Hiyo ni "raia kwanza" yenye mwili. Lakini tunaona pia darasa la watoto mia, na mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo, anafundisha mwaka wa pili, wa tatu, na mwishoni mwa mwezi anaambiwa faili lake liko Kinshasa. Yeye si raia?

Upande wa mashariki swali ni chungu zaidi. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Kwa mama aliyekimbia kambi moja hadi nyingine mara nne, neno la kwanza si katiba wala chama. Ni kulala usiku mmoja bila mlio wa bunduki. Wakuu wa CENCO na wa ECC walipopendekeza Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri, wakaenda kuonana na pande zote, pamoja na wenye silaha, walilaumiwa na wengi, hata na baadhi ya waliojiita watoto wa Étienne Tshisekedi. Sisi tunaona walikuwa katika njia yake. Mtu yule alizungumza hata na Mobutu, hata baada ya kufungwa naye.

Na kuna Katiba. Mwezi wa kumi 2024, mjini Kisangani, Rais alitangaza kwamba ataweka tume ya kutayarisha katiba inayofaa nchi yetu. Tangu hapo mjadala haujazima. Hoja za wanaotaka mabadiliko zipo, na baadhi zinastahili kusikilizwa: namna ya kumpata gavana, kwa mfano, kwa kura za wabunge wa jimbo ambazo kila mtu anajua zinanunuliwa. Lakini kifungu cha 70 kinampa Rais miaka mitano, na mara mbili tu. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula hiyo. Kabila alipotafuta njia ya kukizunguka, kati ya mwaka 2015 na 2016, vijana waliuawa barabarani wakikitetea, na aliyekuwa mbele ya mapambano hayo alikuwa mzee wa Limete, yeye ambaye miaka kumi kabla alikuwa amekataa Katiba hiyo hiyo. Alikuwa amejifunza. Hilo pia ni urithi.

Katika Biblia kuna mzee mmoja aliyesimama mbele ya watu wake mwisho wa kazi, Samweli, akawauliza mbele ya Bwana: ni ng'ombe wa nani nilimchukua, ni nani nilimdhulumu? Watu walijibu. Ni watu hao hao waliokuwa wamemwambia usoni, mbele yake, kwamba wanawe hawafuati mwenendo wake. Yalimwuma, akaenda kuomba, lakini hakumfunga aliyesema. Hatutaji habari hii ili kumhukumu mwana wa mtu yeyote. Tunaitaja kwa sababu leo, katika miji yetu, pande zote mbili za mstari wa vita, kuna watu waliofungwa kwa kusema maneno mepesi kuliko yale.

Muhula wa pili wa Rais unaisha mwezi wa kwanza 2029. Kabla ya hapo huenda waaminifu wetu wataombwa kupiga kura ya maoni, na watakaokuja kuomba kura hiyo watakuja na kofia, na chumvi, na neno "raia kwanza". Tunawaomba wachungaji na wazee wa kanisa jambo moja dogo. Chukueni kifungu cha 70 na cha 220, kisomwe kwa sauti baada ya ibada, kwa Kiswahili, mtu mwenye kujua Kifaransa atafsiri bila kuongeza. Kisha waacheni mama wa sokoni, mwalimu asiyelipwa na kijana wa pikipiki waulize maswali yao. Na mkuu wa paruasi asijibu wa kwanza.